Amalthia na Jina la Bibi Yake

Simu ilipolia, Amalthia alikuwa ameinama juu ya sufuria kubwa la shaba, mkono wa kulia ukishika mti wa kukorogea, maziwa yakianza kushikana. Akaibana simu baina ya sikio na bega.

“Mama, nina habari njema,” alisema mwanawe Mironas kutoka Athene. “Mtoto tutakuja kumbatizia huko kijijini, mwezi wa nane, wiki moja baada ya sikukuu ya Bikira Maria. Na jina tumeshaamua. Ni Amalthia.”

Ule mti ukasimama ndani ya sufuria.

“Mama? Upo?”

“Nipo. Maziwa yanaungua. Nitakupigia.”

Maziwa hayakuwa yakiungua. Katika miaka yake sabini na miwili Amalthia alikuwa amesema uongo mara chache sana, na kila uongo aliukumbuka ulikosemewa. Huu aliusema mbele ya jiko lake mwenyewe, kwa mwanawe wa pekee, siku ambayo mwanamke mwingine yeyote wa kijiji kile angeacha sufuria lichemke limwagike, akatoka mbio barabarani kuwaambia watu.

Kwa watu wa mlima ule, katikati ya kisiwa cha Krete, bibi ambaye mjukuu amepewa jina lake husemwa kwamba jina lake limefufuka. Asiyepewa, jina lake limeanguka. Amalthia alikuwa ameingoja siku ya mjukuu wa kike kwa zaidi ya miaka ishirini, tangu Mironas alipofika umri wa kuoa. Lakini jina alilokuwa akilingojea halikuwa lake. Lilikuwa la bibi yake, Erini, na alikuwa amemwahidi bibi huyo akiwa kitandani pa kufa. Mironas hakujua hilo. Amalthia hakuwahi kumwambia, kwa sababu ahadi za namna ile alizihesabu kuwa mzigo wa mwenye kuziweka, si wa watoto wake.

Na mkewe Mironas, Danai, alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Madaktari walikuwa wamemwambia waziwazi kwamba mtoto huyu ndiye wa kwanza na wa mwisho.

Amalthia alirudi kukoroga. Jibini la siku ile lilitoka gumu.

*

Kisa cha jina lake kilianza kabla yeye mwenyewe hajajua kusema, na alikuwa amekisikia mara nyingi hata akakiona kama aliyekuwapo na akili zake.

Mwaka ule wa elfu moja mia tisa na hamsini kijiji kilikuwa na watoto sabini shuleni na mwalimu mmoja, Aristidis, mtu wa mjini pwani, mwembamba, mwenye koti lisilochanika na masanduku mawili ya vitabu. Baba yake Amalthia, Manolis, alimheshimu sana. Akamwomba awe baba wa ubatizo wa binti yake wa kwanza. Walikaa meza moja, wakala mkate mmoja, wakakubaliana jina: Erini, la mama yake Manolis. Mwalimu akasema ndiyo mbele ya watu watatu.

Siku hizo mama wa mtoto hakuingia kanisani. Alibaki nyumbani, na bibi akabaki naye mlangoni na sinia la lozi za sukari na vikate vya jibini na asali. Padri akishamuuliza baba wa ubatizo jina, naye akalitamka, watoto waliojazana mlangoni mwa kanisa hutimka kama mchanga uliopigwa teke, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kumpelekea mama jina la mwanawe. Mama hakuruhusiwa kulijua kabla, au ikiwa alilijua alijifanya hajui. Wa kwanza kufika ndiye aliyeshika sinia.

Padri akauliza, “Jina lake?”

“Amalthia,” alijibu Mwalimu Aristidis kwa sauti ile ya darasani.

Manolis akakohoa. Padri, akidhani masikio yamemdanganya, akauliza tena. Mwalimu akarudia.

“Huyo ni mtakatifu wa wapi?” aliuliza Padri.

“Wa mlima huu, Padri.”

Neno lililotamkwa kwenye birika la ubatizo haliitwi likarudi. Padri alimtazama Manolis, Manolis akatazama chini, na mtoto akazamishwa majini mara tatu. Kwenye kitabu cha kanisa Padri akaongeza Maria pembeni, ili mtoto asikose kabisa mtu wa kumwombea.

Msichana wa jirani ndiye aliyefika wa kwanza. Alisimama mbele ya Bibi Erini akihema, mikono ameshaikunjua.

“Amalthia,” alisema.

“Nani?”

“Amalthia, Bibi. Kama yule mbuzi wa kwenye kitabu.”

Bibi Erini alilitazama sinia. Kisha akageuka, akaingia ndani na sinia lake, akafunga mlango. Watoto wakabaki uani na mikono mitupu, na wengine waliozeeka sasa huko mijini bado hulikumbuka lile sinia kuliko ubatizo wao wenyewe.

*

Kwa hiyo Amalthia alikua katika nyumba ya mtu ambaye yeye alionekana kumnyang’anya jina. Bibi Erini hakumchapa, hakumnyima chakula, hakumwonea. Hakumwita tu. Alimwita “we”, au “binti wa Manolis”. Baada yake mama yake alizaa wavulana watatu, hakuja binti mwingine wa kurekebisha mambo. Baba mdogo Lefteris alikwenda Australia akazaa wavulana watupu.

Shuleni ilikuwa hadithi nyingine.

“Amalthia, leo umekamuliwa?”

“Amalthia, nyasi za kwetu zimeota, usipite bila ruhusa.”

Na mmoja alipoanza kulia kama mbuzi, darasa zima lilijibu. Mwaka mzima wenzake walikuwa na siku za majina yao, sikukuu za watakatifu walioitwa kwao: mlango wazi, wageni, vinywaji, kila mtu akimtakia mwenye jina maisha marefu. Jina la Amalthia halikuwamo katika kalenda. Alisherehekea Jumapili ya Watakatifu Wote, pamoja na wale wasio na mtakatifu wao.

Alipofikisha miaka tisa alibaki darasani wenzake walipotoka, akamwendea Mwalimu Aristidis mezani.

“Mwalimu, Amalthia ni nani?”

Mwalimu alifurahi kama mtu aliyengoja swali hilo miaka tisa. Alimweleza habari za mungu mdogo wa watu wa kale, aliyefichwa na mamaye pangoni juu ya mlima wao ili babaye asimmeze, na mbuzi aliyemnyonyesha, jina lake Amalthia. Alimweleza jinsi pembe ya mbuzi huyo ilivyovunjika, nayo ikawa haiishi matunda na nafaka, kila mtu akatia mkono akatoa alichotaka. Akasema pia kwamba vitabu vingine vinakataa: Amalthia hakuwa mbuzi, alikuwa msichana aliyekuwa na mbuzi. Akamweleza nyota moja ambayo wachungaji huiita ya Mbuzi, ambayo wazee walisema ndiye yeye aliyepandishwa angani. Na wenye darubini kubwa, alisema, wameona mwezi mdogo unaoizunguka sayari ya Mshtarii, nao wameuita Amalthia.

Msichana alisikiliza yote.

“Sasa mimi ni yupi?”

“Wote,” alisema Mwalimu.

“Siwezi kuwa wote. Mimi ni wa Manolis.” Kisha akauliza alilokuja kuliuliza. “Kwa nini hukusema Erini? Baba anasema mlikubaliana.”

Mwalimu alifuta ubao ambao ulikuwa safi tayari.

“Humu darasani mna Erini saba. Nikiita mmoja, wanageuka saba. Nilitaka mtu mmoja tu katika kijiji hiki awe na jina ambalo mlima wenyewe unalijua.”

“Lakini mlikubaliana.”

“Ukiwa mkubwa utanishukuru.”

Hayo ndiyo maneno ya kila mtu anayevunja neno lake ili amtendee mwenzake wema ambao hakuuomba. Mwalimu Aristidis alikuwa msomi, hakuwa mwizi wala mlevi, na aliwafundisha watoto wa wachungaji kusoma wakati wengine walisema hawafundishiki. Yote hayo ni kweli. Lakini mtu mwenye elimu anaweza kuchukua kisicho chake akajiona anatoa zawadi, na elimu yake ndiyo inayomzuia kuona mkono wake. Msichana wa miaka tisa aliliona hilo, ingawa hakuwa na maneno ya kulisema. Alimshukuru kwa heshima akatoka.

*

Majira ya joto yaliyofuata alipelekwa juu mlimani, malishoni, na bibi yake.

Hadi leo, akifumba macho mchana akiwa amechoka, Amalthia hurudi kule. Kibanda cha mawe matupu, hakuna chokaa, mawe bapa yakipandana na kusogeleana mpaka yanakutana juu, na tundu moja la moshi. Ndani, rafu za jibini linalotoka jasho. Nje, kundi. Harufu ya majani ya mlimani yaliyokanyagwa na kwato, moshi, maziwa, sufu. Na kengele. Kila kundi lilikuwa na sauti yake ya kengele, na Bibi Erini, mzee wa kitambaa cheusi aliyekuwa haoni vizuri, alijua kwa kengele peke yake kwamba mbuzi fulani amepita upande wa mwamba na lazima arudishwe.

“We. Yule wa kengele iliyopasuka anaelekea bondeni.”

“Bibi, umemwona?”

“Nimemsikia. Nenda, acha maneno.”

Kulikuwa na pango kiasi cha mwendo wa sigara moja kutoka kibandani. Siku moja ya joto kali waliingia humo na mbuzi kupumzika. Msichana alikuwa amekaa mbali kidogo, kama alivyozoea.

“Unajua kwa nini siliiti jina lako?” aliuliza Bibi ghafla.

“Kwa sababu ni la mbuzi.”

“Nani kakwambia mimi nawachukia mbuzi?”

Akatema kokwa ya zeituni. Halafu akasema, bila kumtazama:

“Baba yako mdogo Lefteris nilimzaa majira yale Wajerumani walipoichoma nyumba yetu. Tulipanda humu watu arobaini. Siku ya tano maziwa yakanikauka. Mtoto akalia mpaka akaacha kulia, na kule kuacha ndiko kulikonitisha. Kulikuwa na mbuzi mmoja aliyefiwa na mwanawe. Nikamlaza mtoto chini yake. Mbuzi yule alikuwa akimpiga teke kila mtu, hata babu yako. Siku ile akasimama kama gogo. Alimnyonyesha wiki tatu.”

Msichana alisogea karibu.

“Alikuwa na pembe iliyovunjika?”

“Pembe zote mbili zilikuwa nzima, na tabia mbaya. Usiniletee ya mwalimu wako.”

“Alikuwa anaitwa nani?”

“Mbuzi haitwi. Ana kengele.”

“Basi Mwalimu alijua habari hii? Ndiyo maana akanipa jina hili?”

“Mwalimu hakujua kitu. Alikuwa hajafika huku. Alilitoa kitabuni.” Bibi Erini akajifunga upya kitambaa chake. “Sikukasirika kwa ajili ya mbuzi. Wala wewe sina hasira nawe, wewe ulikuwa umefungwa nguo kama mkate. Tulikaa meza moja, tukala mkate mmoja, akasema ndiyo. Hilo tu.”

Baada ya siku ile hakuanza kumwita jina. Lakini kila asubuhi, jibini laini la maji yanayobaki baada ya jibini la kwanza lilipopanda juu ya sufuria, kijiko cha kwanza, cha moto, kilikwenda kwa msichana. Ndugu zake walilalamika. Bibi aliwaambia wakikua nao watapata, na hawakupata.

*

Bibi Erini alikufa katika majira ya kuchipua, Amalthia akiwa na miaka kumi na minane na mchumba. Nyumba ilijaa wanawake. Mgonjwa alikuwa hajasema tangu jana yake.

“Amalthia,” alisema.

Msichana aligeuka nyuma kutazama ni nani aliyeitwa. Kisha akaelewa, akapiga magoti kando ya kitanda.

“Naam, Bibi.”

“Jina langu usiliache lianguke. Erini wa watu ni wengi. Wangu hakuna.”

“Sitaliacha.”

“Sema tena.”

“Sitaliacha, Bibi.”

Aliolewa na Sifis, mchungaji, mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi. Harusini Sifis aliwaambia watu, “Wenzangu huoa mke wakapewa mbuzi kumi juu yake. Mimi nimeoa Amalthia, nimeondoa mzunguko: mke na mbuzi kwa pamoja.” Amalthia alicheka pamoja nao. Ilikuwa mara ya kwanza jina lake kuchekwa naye akiwa ndani ya kicheko. Usiku ule ule alimweleza mumewe habari ya ahadi, na Sifis hakubishana: binti wa kwanza atapewa jina la mama yake Sifis, kama desturi inavyotaka, wa pili ataitwa Erini.

Hakuja wa kwanza wala wa pili. Alikuja Mironas, baada ya miaka minane ya kungoja, na hakufuatiwa na mtu.

Miaka ikapita kama ipitavyo kwa watu wenye mifugo, kwa kuzalisha na kukamua. Jina lililokuwa aibu likaanza kutembea duniani peke yake. Chama cha wafugaji kilichapisha AMALTHIA kwenye magunia ya chakula cha mifugo, na Sifis akawa anamwambia mkewe kila lori likifika, “Njoo upakue jamaa zako.” Huko pwani ikajengwa hoteli yenye jina hilo. Ikawako meli. Siku moja mtalii aliyepotea njia aliomba maji, akauliza jina la mwenye nyumba, na alipojibiwa akapiga picha ya mlango. Mwalimu Aristidis alikwisha kufa zamani, na shule ilikwisha fungwa kwa kukosa watoto. Sifis naye akafa, na mlimani kibanda cha Bibi Erini kikaporomoka upande mmoja.

Amalthia alikuwa amelizoea jina lake. Tuseme ukweli: alikuwa amelipenda. Alipenda kwamba ukisema Amalthia kijijini hakuna haja ya kuuliza wa nani. Hilo hakumwambia mtu, kwa sababu alijua limetoka wapi.

*

Mironas na Danai walifika mwezi wa nane na mtoto, na dadake Danai, Thekla, ambaye ndiye aliyekuwa mama wa ubatizo. Jioni ya kwanza Amalthia aliwaandalia mezani uani mkate mkavu wa shayiri ulioloweshwa, nyanya, jibini, akangoja mpaka wameshiba. Kisha akawaambia. Aliwaambia yote, kuanzia meza ya Manolis hadi kitandani pa Bibi Erini, bila kupamba.

Danai ndiye aliyejibu kwanza.

“Mama, kwetu Athene watu wanayatafuta majina kama lako. Erini wapo kila ghorofa.”

“Najua. Darasani mwangu walikuwa saba.”

“Basi tumpe yote mawili. Erini Amalthia. Siku hizi watu wengi wanafanya hivyo.”

“Mbuzi mmoja havalishwi kengele mbili, mwanangu. Utamsikia kila mara, lakini hutajua ni yupi.”

Mironas alikuwa amekunja uso. “Na mimi je? Watasemaje hapa kijijini? Mama yangu yuko hai, mtoto wangu wa pekee ni msichana, nami nimempa jina la mtu mwingine. Watasema nimekudharau.”

“Waseme.”

“Rahisi kwako kusema.”

“Si rahisi,” alisema Amalthia.

Danai akamgeukia. “Hulipendi jina lako, Mama?”

Amalthia alikusanya makombo ya mkate kwa ukingo wa kiganja, akayatia sahanini.

“Nalipenda,” alisema. “Mimi nimeomba. Sitaomba mara ya pili. Mtoto ni wenu, na jina mtakalokubaliana ninyi wawili ndilo litakalokuwa jina.”

Akaondoka kwenda kufunga zizi. Nyuma yake alisikia sauti zao zikipanda na kushuka, lakini hakusimama asikilize, kwa maana kusikiliza mlangoni ni kuomba mara ya pili.

Siku tatu walizokaa kabla ya ubatizo, hakuna aliyelitaja jina mbele yake. Asubuhi ya ubatizo Amalthia alikuwa jikoni akipanga lozi za sukari na vikate vya jibini juu ya sinia la Bibi Erini, lile lile, lenye ukingo uliobonyea. Thekla akaingia akiwa amekwisha kuvaa. Alikuwa mwanamke mwepesi wa tabia, mpenda haki, na haraka.

“Mama, wale wawili wamebishana mpaka jana. Mironas anataka lako. Dada yangu mara hili mara lile. Mimi nimekuelewa siku ile uliposimulia, nililia chumbani.” Akasogea, akashusha sauti. “Jina nalitamka mimi. Nikishalisema kwenye birika hakuna wa kulirudisha, si ndivyo? Niambie tu unataka lipi. Wewe nyanyua kidole, mimi nitasema Erini.”

Mikono ya Amalthia ilisimama juu ya sinia.

Ilikuwa rahisi hivyo. Neno moja, na miaka hamsini na minne ya kungoja ingekwisha kabla ya saa sita. Bibi Erini angepata jina lake. Mironas angenuna wiki moja, Danai labda asingenuna kabisa. Na lingekuwa jambo jema, hilo halina shaka, kama lilivyokuwa jema machoni pa Mwalimu Aristidis.

“Keti, Thekla,” alisema Amalthia.

Thekla akaketi.

“Mimi nilibatizwa na mtu aliyebadili neno njiani baina ya meza na kanisa. Nimeishi na neno hilo miaka sabini na miwili. Utakalokubaliana na wazazi wa mtoto, hilo ndilo utakalosema. Kama ni Amalthia, useme Amalthia, na useme kwa sauti.”

“Hata kama…”

“Hata kama. Bibi yangu hakuniomba niibe kwa ajili yake. Sasa nenda, na uwaulize wote wawili kabla hamjafika mlangoni mwa kanisa. Wakikujibu majibu mawili, wangojeshe watu juani mpaka wapate moja.”

Thekla alitoka ameona haya. Amalthia alimaliza kupanga lozi. Kisha akazipanga upya.

*

Siku hizi mama wa mtoto huingia kanisani kama watu wengine, kwa hiyo hakukuwa na haja ya mtu kubaki nyumbani. Amalthia alibaki. Alisema miguu inamuuma, na ingawa ilikuwa ikimuuma kweli, alijua kwamba anasema nusu ya ukweli.

Alikaa kwenye ngazi ya mlango, sinia mapajani, amelifunika kwa kitambaa dhidi ya nzi. Kijiji kilikuwa kimya. Zamani siku kama hii ungesikia watoto kabla hujawaona, sabini wale, na mbwa wote wa njiani wakiwajibu. Sasa nyumba tatu kwa kila nne zilikuwa na kufuli, na watoto waliokuwa kanisani walikuwa wajukuu wa watu, waliokuja kwa likizo kutoka Iraklio na Athene. Mironas alikuwa amewafundisha desturi jana yake, akawaahidi lozi. Walikuwa sita.

Alijiambia jambo moja tu, na alijiambia kwa nguvu: jina lolote litakalokuja, sinia haliingii ndani.

Kisha akasikia miguu. Viatu vya mjini juu ya mawe, vikiteleza. Msichana mmoja wa miaka kama saba ndiye aliyekuwa mbele, nywele zimemfunguka, uso mwekundu. Alifika mbele ya ngazi, akashika magoti, akashindwa kusema.

“Vuta pumzi,” alisema Amalthia. “Kisha useme.”

“Erini,” alisema msichana.

Amalthia alishika ukingo wa sinia. Aliingojea furaha, nayo ikaja, lakini haikuja peke yake. Alikuwa ameomba hili, akalipata, na wakati ule ule alilisikia jina lake mwenyewe likiondoka, kama kundi linalovuka mgongo wa mlima, kengele zikisikika kidogo, halafu kidogo zaidi.

“Bibi, ni baya?” aliuliza msichana. Wengine watano walikuwa wamefika na kusimama nyuma yake, macho kwenye kitambaa.

“Ni zuri,” alisema Amalthia. “Ni la bibi yangu.” Akafunua sinia. “Wewe wa kwanza shika hili. Ninyi wengine msisukumane, zipo nyingi.”

Baadaye walikuja watu, na Padri, na raki, pombe kali ya zabibu, ikamiminwa. Majirani wawili watatu walimpa Amalthia pongezi kwa sauti ya rambirambi, naye aliwashukuru kwa sauti ya kawaida. Danai alimwekea mtoto mikononi. Mtoto alinuka mafuta matakatifu na alikuwa amechoka kwa kulia.

“Mironas ndiye aliyeamua,” alisema Danai taratibu. “Pale mlangoni mwa kanisa. Thekla alitusimamisha juani kama watoto wa shule. Mironas akasema, mama yangu hajaniomba kitu maishani isipokuwa hiki.” Akamfunika mtoto miguu. “Lakini Mama, sasa lako?”

“Langu bado nalivaa.”

Akamtazama mtoto. Alikuwa hajawahi kumwita mtoto yeyote jina lile, na mdomo ulikuwa mgeni nalo.

“Erini,” alisema. “Erini. Erini wangu.” Alilisema mara nyingi, kwa sauti ya kusikika na kila mtu uani, ili mtoto asije akageuka nyuma siku moja kutazama ni nani aliyeitwa.

Mironas alikuja akiwa amelegeza tai, akainama juu ya sinia.

“Na mimi sikubakiziwa hata kimoja?”

“Umechelewa,” alisema Amalthia. “Kama baba yako, alifika kila mara sinia likiwa tupu. Kachukue mkate ndani, halafu uende zizini, mbuzi wanataka kukamuliwa na mimi leo nimeshikwa na mtoto.”